Neno Jema Linapogeuka Ujumbe Taka

Tarehe 18 Januari 1994, watumiaji wa Usenet, mtandao mkubwa wa majadiliano wa enzi hizo, walifungua kompyuta zao wakakuta tangazo moja limewatangulia kila walikokwenda. Kundi liwe la muziki, la hisabati au la ufugaji, tangazo lilikuwemo. Lilionya ulimwengu mzima kwamba Yesu anakuja upesi. Aliyelituma alikuwa msimamizi wa kompyuta katika chuo kikuu cha Waadventista Wasabato huko Michigan, Marekani. Mwezi Aprili mwaka huo huo, mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walipita njia ile ile kutangaza huduma zao kwa watu waliotaka kushiriki bahati nasibu ya kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi Marekani, na tangazo lao likaingia katika makundi zaidi ya 5,000. Wanaosimulia historia ya spamu, yaani ujumbe taka, huwataja zaidi mawakili hao. Walitafuta fedha, na mtu wa namna hiyo ni rahisi kumlaumu. Mimi linalonishughulisha ni tangazo la Januari, maana mtumaji wake hakuwa na bidhaa ya kuuza. Alikuwa na habari ambayo, kwa imani yake, kila binadamu alistahili kuisikia kabla ya kuchelewa.

Je, ile nayo ilikuwa spamu? Watu wa Usenet walisema ndiyo. Nakubaliana nao, na sababu yao inafaa kufafanuliwa taratibu, kwa kuwa makundi mengi ya kiroho mtandaoni, yawe ya sala, ya dhikri, ya tafakuri au ya kusoma maandiko, yanaihitaji na hayajaipata.

Ugumu wenyewe uko hapa. Katika kundi la kibiashara ujumbe taka haujifichi. Mtu anauza dawa ya kupunguza unene kwa watu waliokuja kuulizana habari za vipuri, admini anafuta, mambo yanaendelea. Kwenye kundi la kiroho ujumbe taka huja umevaa kanzu. Una aya, una dua, una picha ya machweo yenye jina la Mwenyezi Mungu. Admini anayetaka kuufuta anajiuliza atajibu nini akiambiwa amefuta neno la Mungu, kwa hiyo anauacha. Kesho zinakuja kumi kama hizo, nazo anaziacha, mpaka siku uvumilivu unapomwishia anafuta kila kitu kwa hasira, pamoja na swali la mtu aliyekuwa anatafuta msaada wa kweli.

Watu wa Usenet walikumbana na kikwazo hicho mapema, na jibu lao bado lina akili. Walikataa kuupima ujumbe kwa maudhui yake. Walihesabu. Kipimo kilichokuja kuzoeleka kiliitwa Kielezo cha Breidbart, kwa jina la Seth Breidbart aliyekibuni. Kila nakala ya ujumbe hupewa alama ambayo ni kipeuo cha pili cha idadi ya makundi iliyotumwa kwa mkupuo, kisha alama za nakala zote zinajumlishwa. Aliyetuma ujumbe wake mara moja kwa makundi tisa kwa mpigo anapata 3. Aliyeunakili na kuutuma upya mara 20, kila mara kundi moja, anapata 20. Jumla ikifika 20 ndani ya siku 45, ujumbe ulihesabika kuwa spamu na ungeweza kufutwa, uwe unatangaza viatu au ufalme wa mbinguni.

Spamhaus, shirika lililoanzishwa mwaka 1998 kupambana na barua taka, linafuata mkondo huo huo. Kwao barua ni taka ikiwa imetumwa kwa wingi na wapokeaji hawakuiomba, na lazima masharti yote mawili yatimie. Barua moja kutoka kwa mtu usiyemjua huenda ikawa mwanzo wa urafiki. Jarida linalokwenda kwa maelfu walioliomba ni jarida tu. Kinachosemwa ndani ya barua hakimo kabisa katika tafsiri yao.

Naupenda msingi huu kwa sababu unamwokoa admini wa kundi la kiroho kutoka kwenye kiti ambacho hakupaswa kukikalia. Anayehesabu na kuuliza kama watu waliomba hahukumu aya. Anaweza kumwambia mtumaji kwa moyo mweupe kwamba maneno yake ni matakatifu na bado amefuta nakala sita kati ya saba.

Mahakama nazo zimewahi kufika kwenye njia panda hii. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 kuhusu barua taka inahusu barua za kibiashara tu. Jimbo la Virginia lilitaka kwenda mbali zaidi, na mwaka 2004 Jeremy Jaynes alitiwa hatiani huko kwa kutuma barua taka kwa wingi mno. Mwaka 2008 Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo hilo iliifuta sheria iliyomtia hatiani, kwa hoja kwamba jinsi ilivyoandikwa ingemkataza hata mtu anayeficha jina lake ili atume ujumbe wa kisiasa au wa kidini. Serikali ina sababu nzuri ya kutojiingiza katika kuamua ni mahubiri gani yamezidi. Kundi lina nafasi ambayo serikali haina: waliomo wameingia kwa hiari, wanaweza kukubaliana masharti yao, na asiyeyapenda ana mlango wa kutokea.

Hata hivyo, hesabu peke yake inaleta shida ambayo watu wa Usenet hawakulazimika kuifikiria sana. Katika maisha ya kiroho kurudia ndiko ibada yenyewe mara nyingi. Mwenye tasbihi hurudia. Mwenye rozari hurudia. Katika Uhindu na Ubuddha jina au fungu la maneno hutamkwa mara 108, na shanga zimetungwa kwa idadi hiyo. Watu 60 wakipatana kuandika sala moja kwenye kundi saa tatu usiku kwa ajili ya mgonjwa wao, programu ya kuchuja itaona jumbe 60 zinazofanana na kuzifagia zote. Kwa kipimo cha wingi itakuwa haijakosea. Kwa kipimo cha ridhaa itakuwa imefuta jambo jema kuliko yote yaliyotokea kundini mwezi ule. Kwa hiyo nikilazimika kuchagua nguzo moja kati ya mbili za Spamhaus, naishika ya ridhaa: je, watu hawa waliomba hiki, hapa, kwa wakati huu?

Na kuna la kuangalia zaidi, nalo ni kile kinachowapata waliomo. Tuchukue kundi la maombi la watu 200. Kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa moja asubuhi zinaingia picha za maua zenye salamu za asubuhi yenye baraka, video ya mahubiri iliyokatwa katikati ya sentensi, sala ya kusambaza kwa watu kumi na wawili, alama ya mikono iliyokutanishwa, na mikono mingine tena. Saa kumi na moja na dakika ishirini, katikati ya hayo, mama mmoja ameandika: “Mwanangu amelazwa tangu jana usiku, hapumui vizuri. Naombeni mniombee.” Chini ya maneno yake kuna waridi. Chini ya waridi kuna “Amina” mbili, na huwezi kujua kama ni za mtoto au za waridi. Wale waliozima mlio wa kundi tangu mwaka jana watayaona maneno hayo siku ya tatu, kama watayaona.

Hakuna mbaya katika hadithi hiyo. Kila aliyetuma alitaka kubariki. Ila kundi liliundwa ili mama yule apate watu wa kumwombea, na asubuhi ile halikuweza. Nikiulizwa madhara ya ujumbe taka katika jamii ya kiroho ni yapi, nitaonyesha hapo kabla ya kuzungumzia wizi au upotoshaji. Usikivu wa watu ndiyo mali ya pamoja ya kundi, na kila picha isiyoombwa inaumega kidogo, hadi anayelia hasikiki.

Wenye mitambo wameliona hilo kwa upande wao. WhatsApp ilipunguza idadi ya watu au makundi unayoweza kuyatumia ujumbe kwa mpigo hadi matano mwaka 2019, na Aprili 2020 ikaamua kwamba ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi utumwe kwa mmoja tu kila mara. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye kwamba usambazaji wa jumbe za aina hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Ujumbe huo huwekewa alama ya mishale miwili, na kwa admini ni alama yenye faida sana: inamwonyesha kwamba yaliyoandikwa hayakuandikwa kwa ajili ya watu hawa. Kundi linaweza kupatana kwamba chenye mishale miwili hakiingii bila aliyekileta kuandika sentensi moja yake mwenyewe: kwa nini amekileta, na amemkumbuka nani alipokisoma. Nimeona sharti hilo dogo likitenda kazi kubwa kuliko kanuni ndefu. Wengi hushindwa kuandika hiyo sentensi, basi hawatumi. Wanaoiandika wanakuwa wameanzisha mazungumzo.

Mtumaji wa maua ya alfajiri atendewe kwa upole. Mara nyingi ni mtu mzima anayeishi peke yake, na picha ile ndiyo njia yake ya kusema yu hai, ameamka, amewakumbuka. Kumwita mtuma taka ni kumpiga kofi mtu aliyekuja kukusalimu. Afunguliwe chumba cha salamu kando na kile cha maombi, na mtu amtafute faraghani kumweleza kisa cha mama yule. Nina hakika wengi wao wakielezwa hivyo wataelewa, kwa kuwa wao ndio wangekuwa wa kwanza kumwombea mtoto.

Kwa ujumbe wa vitisho sina upole huo. Nazungumzia ule unaosema sambaza kwa watu kadhaa utapokea muujiza, ukiupuuza utapata msiba. Ni wa kale kuliko intaneti, kuliko hata uchapaji vitabu. Mwaka 789 Charlemagne, mfalme wa Wafranki huko Ulaya Magharibi, alitoa maagizo kwa watu wa dola lake, na mojawapo lilihusu barua iliyodaiwa kudondoka kutoka mbinguni mwaka uliotangulia: isiaminiwe, isisomwe, ichomwe. Kwa Waislamu upo wosia wa Sheikh Ahmad, anayesemekana kuwa mtunzaji wa msikiti wa Mtume huko Madina, aliyeota ndoto na kuagizwa kuwaonya waumini. Anayeunakili anaahidiwa heri na anayeupuuza anatishiwa. Wosia huo ulikuwa ukizunguka katika karne ya 19, ukafika Afrika Mashariki mwaka 1908 na kuwatia hofu watawala wa Kijerumani, na katika karne ya 20 Sheikh Abdulaziz ibn Baz wa Saudi Arabia akaandika waraka mzima wa kuukanusha. Bado unatumwa.

Ujumbe wa namna hii haungoji kuhesabiwa. Unabeba ndani yake amri ya kujizidisha, na unaitekeleza amri hiyo kwa kumtia mtu hofu ya Mungu wake. Aliyeupokea akiwa na mgonjwa nyumbani hana uhuru wa kuupuuza. Atausambaza huku mkono unatetemeka. Ufutwe papo hapo, na admini aandike hadharani kwamba aliyeupokea hana deni lolote na hakuna baya litakalompata kwa kutousambaza. Sentensi hiyo ya faraja ina kazi kuliko kufuta kwenyewe, kwa sababu ujumbe umekwisha kusomwa.

Halafu kuna ushuhuda wa kupangwa. Unakuja hivi: “Ndoa yangu ilikuwa imevunjika, madaktari wamenikatia tamaa, mpaka nilipokutana na mtumishi huyu. Ndani ya siku saba kila kitu kilirudi. Nimeahidi kumshuhudia. Mpate kwa namba hii.” Ushuhuda ni ibada halali katika jamii nyingi, na ndiyo sababu matapeli wameuvaa. Usiubishie uponyaji, huwezi kuuthibitisha wala kuukanusha. Angalia namba iliyo mwishoni. Ushuhuda wa mwana kundi hummalizia msikilizaji kwa Mungu au kwa shukrani, huu unammalizia kwenye namba ya mtu. Angalia pia mwandishi ameingia lini, amewahi kumjibu nani, na ukinakili sentensi yake moja ukaitafuta mtandaoni utaikuta makundi mangapi, ikiwa na majina tofauti.

Ndugu wa huyo ni yule anayemfuata mtu inboksi akitumia picha na jina la mwalimu wa kundi, akidai amepewa ujumbe maalumu kwa ajili yake na kwamba kuna sadaka ya kuufungua. Huo ni wizi, na kuuita spamu ni kuupunguza uzito. Mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji imekuwa ikionya kwa miaka mingi dhidi ya utapeli unaopenya kupitia watu wa imani au asili moja, kwa kuwa mtu hulegeza ulinzi mbele ya anayesali kama yeye. Kundi lijulishwe mara kwa mara, kwa maneno mepesi, kwamba mwalimu hamwombi mtu fedha faraghani. Na kama mwalimu huwaomba watu fedha faraghani, basi kundi lina tatizo ambalo hakuna kanuni ya ujumbe taka itakayolitatua.

Aina inayoleta ugomvi mkubwa ni mhubiri mgeni. Ameingia kundi la tafakuri, yeye ni wa imani nyingine, na anabandika mafundisho yake kila jioni. Wanakundi wanataka afukuzwe. Yeye anasema anateswa kwa ajili ya kweli. Hapa kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kama mtu yupo. Muulize swali juu ya alichoandika. Akijibu kwa maneno yaliyokusudiwa kwako, akasikiliza jibu lako, akashughulika na walichokuwa wanazungumza wengine, huyo ni mshiriki, hata kama anayosema yanawaudhi. Akibandika fundisho linalofuata kana kwamba hukusema kitu, hayupo. Amekifanya kikao chenu ukuta wa kubandikia matangazo. Mtumaji wa Januari 1994 hangeweza kuwapo katika maelfu ya makundi aliyoyafikia hata kama angetaka, na hapo ndipo kosa lake lilipo, wala si katika alichokiamini.

Kipimo hicho kinatukinga pia na dhambi ya upande wa pili, ambayo naiogopa zaidi. Kitufe cha kufuta ni mamlaka, na katika jamii ya kiroho mamlaka huzoea upesi kusema kwa niaba ya Mungu. Dada mmoja anauliza michango ya mwaka jana ilitumikaje. Hajibiwi. Anauliza tena, na mara ya tatu anaambiwa anajaza kundi spamu na kuvuruga amani. Swali linalorudiwa kwa sababu halikujibiwa si ujumbe taka. Yupo kundini, anamwuliza mtu anayemjua jambo linalohusu fedha yake. Kwa kila kipimo tulichokitaja hana kosa. Ndivyo ilivyo pia kwa kijana anayeeleza kwamba amepoteza imani, au anayesoma aya tofauti na kiongozi anavyoisoma. Kama kundi halitaki mafundisho fulani, lina haki hiyo, ila liandike wazi kwamba ni suala la mafundisho na liwe tayari kulitetea kama suala la mafundisho. Kuliita spamu ni kukwepa hoja kwa kujifanya unafanya usafi.

Kwa utendaji, masharti yawe machache kiasi kwamba anayeingia leo anayasoma yote bila kuchoka. Matangazo ya mikutano yawe na siku yake. Michango itangazwe na watu waliotajwa kwa majina, na si mwingine. Kabla ya kumtoa mwana kundi, aambiwe faraghani na aelezwe ni ujumbe gani na kwa nini; matapeli na wenye vitisho ndio pekee wanaotolewa bila kungoja. Admini asiwe mmoja. Ujumbe unaomkera yeye binafsi auonyeshe kwa mwenzake kabla ya kuugusa, na aliyefutiwa awe na mtu mwingine wa kumlalamikia. Programu za kuchuja zisaidie kukamata akaunti ngeni zenye viungo vya nje, lakini zisiachiwe kukamata maneno, kwa kuwa maneno ya tapeli wa kiroho na ya mwumini wa kweli ni yale yale: uponyaji, baraka, sadaka, ukombozi.

Linabaki jambo ambalo karibu kila kundi hulikwepa: mtumaji mkubwa kuliko wote akiwa ni kiongozi mwenyewe. Video nne kwa siku, bango la semina kila saa, kumbukumbu za sadaka, picha zake madhabahuni. Wanaomheshimu hawasemi, wanazima tu mlio, na wanapozima mlio wake wamezima na wa mama mwenye mtoto hospitalini. Njia niliyoona inawezekana bila kumvunjia heshima ni kumfungulia kiongozi ukumbi wake, ambamo wanaotaka kila neno lake wanajiunga kwa kupenda kwao, kisha kwenye kundi la maombi jumbe zake zihesabiwe kama za kila mtu. Apelekewe pendekezo hilo na wazee wawili watatu anaowasikiliza, kabla kanuni hazijaandikwa, ili yeye awe wa kwanza kuzitia sahihi.